Familia ya Umoja na mashine ya kukereza mbao: kilichokwama na kilichoshika

Kisa hiki ni cha familia moja ya mtaa wa Umoja hapa Nairobi, watu watano, na wamenikubalia niandike bila majina, kwa hivyo nitawaita tu baba, mama, dada, kijana na babu. Baba alikuwa karani wa stoo kwa kampuni moja kule Industrial Area, kazi ikaisha, akalipwa haki yake, na badala ya kununua boda kama watu walivyokuwa wanamwambia akaenda Kariobangi Laiti akaagiza mashine ya kukereza mbao, ile mafundi wanaita lethi. Kama hujawahi kuiona, mti unafungwa kwa shafti unazunguka, wewe unaleta patasi taratibu, na kila kitu kinachotoka hapo kinakuwa cha mviringo, bakuli, miguu ya kiti, mti wa kusukumia chapati, vishikio vya ngazi. Hesabu ya baba ilikuwa kwamba nyumbani kuna mikono kumi, mbao ziko, stima iko, watoto wakifunga shule watakuwa na kitu cha kufanya, na babu aliyetoka Wamunyu kule Ukambani hatashinda kwa kiti siku nzima akiangalia ukuta. Mimi nafanya kazi ya mbao si mbali na hapo, niliitwa wakati mambo yalikuwa yameshaharibika, nikazoeana nao, na naandika kwa urefu kwa sababu naona familia nyingi hapa Nairobi zinaanza kitu kama hiki na zinaachia njiani, na watu wanasema ni uvivu wa watoto au ni pesa, na mara nyingi si hiyo.

Nianze na kitu ambacho naamini ndicho kiini cha kisa chote. Lethi inasimamiwa na mtu mmoja tu. Hakuna vile watu wawili watashika patasi moja, na wa tatu akisimama karibu anakuwa hatari kwake mwenyewe na kwa mwenye kazi. Sasa baba alichukua neno "ufundi wa familia" akaelewa kwamba kila mtu lazima apate zamu kwa mashine, akabandika ratiba ukutani, asubuhi yeye, baada ya chakula dada, jioni kijana akitoka shule, Jumamosi mama akipata nafasi. Nia ilikuwa nzuri kabisa, hakutaka mtu aachwe nje. Lakini mkono wa kukereza unakuja kwa kurudia, mtu anahitaji kusimama pale muda mrefu hadi mwili uanze kujua wenyewe patasi iegemee wapi, na hapa kila mmoja alikuwa anapata kaonjo kisha anaondoka, kesho anaanza tena karibu na pale alipoanzia jana. Watu wanne wanaojifunza robo robo hawafanyi fundi mmoja. Na wakati mmoja anakereza, wengine wanangoja tu, kijana na simu, mama kwa kibanda chake cha mboga, na babu amekaa mlangoni hajaulizwa chochote.

Halafu ikatokea ajali ndogo iliyosimamisha kila kitu. Dada, miaka kumi na tisa, alikuwa anangoja kuingia chuo, ilikuwa zamu yake, akafunga kipande cha mparachichi cha inchi 12 hivi, kibichi, kina ufa mdogo upande mmoja ambao hakuna mtu aliuona, akawasha. Mashine ikaanza kutetemeka hadi ikatembea sakafuni, na kabla afikie swichi kipande kikapasuka, nusu ikapita kando ya bega lake ikagonga ukuta ikabomoa plasta. Hakuumia. Lakini alitoka nje akasema hatarudi, mama akasema hiyo kitu iuzwe, baba akaona aibu, na ndio nikaitwa "uangalie mashine kama ina shida".

Mashine haikuwa na shida, kusema ukweli ilikuwa imetengenezwa na mtu anayejua kuchomelea, fremu nzito ya chuma, beringi nzuri. Shida ilikuwa kasi. Aliyeitengeneza aliweka mota ya kawaida ya stima yetu ya hezi 50, ile inazunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, na puli mbili zinazolingana, yale magurudumu ya kuvutia mkanda, moja kwa mota moja kwa shafti, kwa hivyo kasi ya mota ndiyo kasi ya mbao, ipende isipende. Wakerezaji wana kanuni moja rahisi ambayo kila mtu mwenye lethi anafaa kuiandika ukutani kuliko hata ratiba: chukua upana wa kipande kwa inchi, zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kipande cha dada kilikuwa inchi 12, mara 1,440, unapata 17,280. Hiyo ni karibu mara mbili ya mwisho unaoruhusiwa. Ukipiga hesabu ya ule ukingo wa nje wa mbao unakuta unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa, yaani ile kasi ambayo sheria inaambia matatu isipite barabara kuu, na hapa ni gogo bichi lenye ufa limeshikwa na skrubu nne, na msichana amesimama mbele yake.

Dawa yake haikuwa ghali hata. Tulirudi kwa fundi yuleyule akatuchongea puli mbili za ngazi, za inchi 2, 3, 4 na 5, moja imeangalia juu nyingine imegeuzwa chini, ili ukubwa wa ngazi mbili zinazotazamana ukijumlishwa uwe saba kila mara na mkanda mmoja utoshe kote. Ukiweka mkanda kwa 2 ya mota na 5 ya shafti unapata mizunguko 576, inayofuata 1,080, kisha 1,920, na ya mwisho 3,600. Sasa bakuli la inchi 12 linakaa kwa 576 na hesabu ni 6,912, bakuli la inchi 8 linaenda kwa 1,080, kikombe cha inchi 4 kwa 1,920, na mti wa chapati wa inchi 2 ndio unaweza kwenda hiyo 3,600 bila wasiwasi. Na hata hapo, kipande kikiwa bado hakijawa mviringo unaanza na ngazi ya chini kabisa, unakizungusha kwanza kwa mkono uone hakigusi resti, kile chuma cha kuegemezea patasi, unasimama kando si mbele, ndio unawasha. Naambia watu hivi kila siku: ukiagiza lethi kwa mafundi wa jua kali, usiulize mota ni ya nguvu ngapi peke yake, uliza inazunguka mara ngapi na puli zina ngazi ngapi. Mafundi wa Kariobangi na Kamukunji watakutengenezea chochote unachotaka, lakini watatengeneza kile ulichosema.

Kitu kingine kilichokuwa pale ni patasi. Baba alinunua mbili nzuri na zingine akatengenezewa kutoka kwa tupa kuukuu, jambo ambalo wengi wanafanya kwa sababu chuma cha tupa ni kigumu na kinashika makali. Ni kigumu ndio, lakini hakina unyumbufu, kikipigwa na mbao inayozunguka kinaweza kukatika kama glasi, na kipande kinaruka. Chuma cha springi ya gari kinavumilia zaidi, na Nairobi springi kuukuu hazikosekani. Zile za tupa babu alizichukua akazificha, hakuna mtu alimuuliza ziko wapi.

Nimefika kwa babu sasa. Huyu mzee alichonga vinyago kule soko la Gikomba, Nairobi, akiwa kijana, na kabla ya hapo alifundishwa kwao Wamunyu, ambako ufundi huo uliletwa na Mutisya Munge aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani, na kutoka hapo ukasambaa boma kwa boma hadi watu wa Wamunyu wakajaza masoko ya Nairobi na Mombasa. Kwa hivyo mnaongea na mtu ambaye ufundi wa familia kwake si ndoto, ameuishi. Lakini lethi hakuipenda. Yeye amezoea kipande kikae kimya mkono ndio utembee, hapa kipande ndicho kinatembea, na kelele pia, akaona hiyo ni kazi ya vijana, akanyamaza. Na baba kwa heshima hakutaka kumsumbua mzee wake. Heshima ikawa ukuta kati yao, mmoja anangoja kuulizwa, mwingine anaogopa kuuliza, na katikati mbao zinapasuka.

Maana zilikuwa zinapasuka kweli. Kona ya stoo ilikuwa imejaa mabakuli yenye nyufa. Baba alikuwa anaokota magogo popote, miti ya jakaranda na parachichi iliyoangushwa na mvua, watu wanakata wanakuambia beba tu, anakereza bakuli hadi mwisho siku hiyohiyo, lembamba, zuri, analiweka juani likauke, na baada ya siku chache lina ufa wa kuingiza kidole. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nikamsikia babu nyuma yangu anasema polepole, "Mnaacha moyo ndani." Alichukua gogo akaonyesha ile nukta ya katikati, akasema mti unasinyaa kwa kuzunguka zaidi ya unavyosinyaa kuelekea katikati, sasa moyo ukibaki ndani ya kipande hakuna pa kwenda ila kupasuka. Vitabu vinasema vilevile, kusinyaa kwa kufuata miviringo ya mti ni karibu mara mbili ya kule kwa kuelekea moyoni, lakini yeye hakusoma popote, aliona. Gogo linapasuliwa katikati kwa urefu, moyo unatolewa, ncha zinapakwa nta au rangi ya maji iliyobaki ya ukuta ili maji yasitoke mbio upande huo, linawekwa kivulini. Juani kamwe. Januari na Februari hapa Nairobi hata kivulini unafunika na gunia, upepo ule ni mkavu sana.

Baba alimwangalia mzee wake kana kwamba anamuona upya. Kuanzia hapo hakuna gogo lililoingia ile stoo bila babu kuligonga, kulinusa na kusema ndio au hapana. Jakaranda alikubali, ni laini, jeupe, linakerezeka vizuri, na Wakamba wamelichonga miaka mingi sasa tangu miti migumu ianze kuadimika. Saipresi alisema ya fremu, si ya bakuli la chakula, harufu yake haitoki. Grevilia, ile wengi wanaita mukima, alisema ni nzuri kwa macho, na ni kweli, ukiikata vizuri inatoa madoadoa yanayong'aa kama magamba, na inapatikana kila mahali kwa sababu ilipandwa kwenye mashamba ya kahawa na chai kote nyanda za juu. Muhugu, ule mti mgumu wa vinyago, akakataa hata kuuzungumzia, akasema tu, "Huo tuliumaliza sisi," na nilivyomwona uso sikuendelea na hayo maswali. Nikawaeleza pia habari ya vibali, kwamba marufuku ya kukata miti ya misitu ya serikali iliwekwa 2018 na serikali ikatangaza kuiondoa 2023, lakini hiyo haimaanishi unakata mti wa barabarani wa kaunti kwa sababu unataka bakuli. Wanachukua ya kwenye mashamba ya watu na ile iliyokwisha kuanguka, na wanaandika ilitoka wapi.

Kuandika kulikuja kwa mama, na hapa ndipo naona kisa kilipogeuka hasa. Bakuli la mti mbichi linakerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unalitoa likiwa nene, unene wa ukuta wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana, bakuli la inchi 10 linaachwa na inchi moja nzima, kisha unalifunga kwa karatasi unaliweka, linakauka, linajikunja linakuwa kama yai, na kwa sababu uliliachia unene unaweza kulirudisha kwa lethi baada ya miezi ukalifanya duara tena na jembamba. Swali ni utajuaje limekauka. Jibu ni mizani. Unapima, unaandika, unapima tena wiki ijayo, na uzito ukikataa kushuka basi limefika. Mama alikuwa na mizani ya kupimia nyanya na viazi, na alikuwa na daftari la madeni ambalo amelitunza miaka, anajua nani amelipa nani bado hadi shilingi kumi. Nilipoeleza habari ya uzito akasema, "Kumbe ni deni tu la maji." Akaandika namba chini ya kila bakuli kwa penseli, akafungua ukurasa kwa kila moja, na tangu siku hiyo rafu ya kukaushia ni yake, hakuna mtu anatoa bakuli pale bila yeye kusema limelipa. Alikuwa ndiye aliyetaka mashine iuzwe, na sasa ndiye anayeulizwa kila asubuhi.

Sasa angalia. Babu ana magogo. Mama ana ukaushaji. Kwa bakuli moja kuna kutafuta gogo, kulipasua, kupaka ncha, kukata duara na msumeno, kukereza kwa unene, kufunga, kupima wiki kwa wiki, kukereza mara ya pili, kupiga msasa, kupaka mafuta, kuuza, na katika hayo yote mashine yenyewe inakula labda saa moja au moja na nusu ukijumlisha mara zote mbili. Kazi ya familia iko nje ya mashine, ni nyingi, na inatosha kila mtu bila kusukumana. Ratiba ya zamu tulikubaliana itoke ukutani, na baba aliitoa mwenyewe.

Kukabaki swali gumu, nani akae na lethi. Kila mtu alidhani ni baba, pesa ni zake, wazo ni lake. Lakini baba ana mkono mzito. Anasukuma patasi, anataka mbao imtii, na patasi inadaka, inachimba, kipande kinaharibika. Dada, aliyesema hatarudi, alirudi kwa sababu babu alimwita siku moja amfundishe kunoa, si kukereza, kunoa tu, na babu ananoa kwa utulivu wa ajabu, anasikiliza sauti ya jiwe. Akimaliza kunoa lazima ajaribu kama inakata. Akafunga kipande kidogo cha grevilia kikavu, kasi ya chini, akaegemeza kisigino cha patasi kwenye mbao kwanza kisha akainua mpini kidogo kidogo hadi makali yakaanza kuchukua, na maranda yakatoka marefu, yamejipinda kama utepe. Sote tuliona. Mkono ule hufundishwi, unaupata au unachelewa kuupata. Baba aliona pia, na kwa mwanaume aliyenunua mashine na pesa yake ya mwisho kusema mbele ya watu wote "hii ni kazi yako mama, mimi nitakukatia vipande", naona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko puli na mizani yote. Alimwita mama, vile tunavyoita binti zetu, na dada akainamisha kichwa tu akaendelea. Siku hizi baba anakata duara, anarekebisha mashine, anabeba, anaongea na wenye magogo, na kwa hayo hana mpinzani.

Wakaanzishwa upya na vitu vidogo. Watu wakinunua lethi wanakimbilia bakuli kubwa kwa sababu ndilo wanaloona kwa video, lakini mwanzo mzuri ni kipande kirefu kilichoshikwa ncha zote mbili, mti wa chapati, mpini wa patasi, mpini wa jembe dogo, mbao kavu ya bei rahisi, haiwezi kuruka kirahisi, na kosa linakugharimu kipande cha kuni. Miti ya chapati ilianza kuuzwa pale pale kwa kibanda cha mama, kati ya vitunguu na dania, na hakuna nyumba Umoja haipiki chapati.

Vumbi sasa, na hapa siwezi kupita haraka hata kama watu wanaona ni jambo dogo. Vumbi la mbao liliwekwa na IARC, lile shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, tangu 1995. Wanaoumia ni wale wanaolivuta miaka na miaka, na fundi wa nyumbani ndiye anayelivuta miaka na miaka, tena na mtoto akilala chumba kinachofuata. Kukereza kwenyewe kunatoa maranda, hayo ni mazito yanaanguka, ni msasa ndio unaotoa lile vumbi laini linaloelea. Kwa hivyo msasa ulihamishiwa nje chini ya mabati, maski inavaliwa, na resti inatolewa kwanza kabla ya kupiga msasa kwa mashine ili vidole visibanwe. Dada pia alianza kuwashwa mikono, madoa mekundu hadi kiwiko, akadhani ni sabuni. Ilikuwa grevilia, ina kitu ndani yake kinachosumbua ngozi ya watu wengine, mwingine ataikereza maisha yake yote asisikie kitu. Sasa grevilia anakereza kidogo, anaoga mara moja akimaliza, na jakaranda ndio kazi yake kubwa. Ngao ya uso inavaliwa hata kwa mti wa chapati. Leso, mikono mirefu iliyolegea, nywele za rasta zisizofungwa, mkufu na glavu vyote vinabaki mlangoni, glavu hasa, watu wanadhani zinakinga na zinavuta mkono ndani.

Kijana ana miaka 14 na anataka mashine kuliko wote. Msimamo wangu hapa ni mkali na niliwaambia. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mtoto wa umri wake kuajiriwa kiwandani kushughulikia mashine, na ingawa hapa ni nyumbani na hakuna mshahara, sababu iliyofanya sheria iandikwe haijui kama mtoto ni wa mtu au wa mwajiri, mota ni ileile. Anachokereza ni pia, zile za kuchezea zinazozunguka, ndogo, mbao kavu, ncha zote zimeshikwa, dada amesimama kando na mkono karibu na swichi, likizo tu, na akianza kuharakisha inazimwa. Kazi yake ya kila siku ni mafuta, anapaka mafuta ya parafini yale safi ya duka la dawa yakichanganywa na nta ya nyuki, na vitambaa anavianika vikiwa vimetandazwa. Tukitumia mafuta ya linsidi kwa viti, vitambaa vyake vikikunjwa pamoja vinaweza kujipasha moto hadi kuwaka vyenyewe, na katika mji uliozoea kusikia moto Gikomba sidhani nahitaji kuongeza.

Majirani, nitasema kwa ufupi. Mwenye nyumba alilalamika kelele na alikuwa na haki, kanuni za kelele za 2009 za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, ziko. Wakaweka mpira mzito chini ya miguu ya mashine, wakakubaliana haiwashwi usiku wala Jumapili asubuhi, na maranda anachukua jirani mwenye kuku kwa kutandika bandani.

Halafu ikaja oda. Mkahawa mmoja wa Kilimani uliona picha ukataka mabakuli 40 ya saladi ndani ya mwezi, na pesa ya mbele wakaitaja. Baba alikuwa tayari kusema ndio, nani angekataa. Mama akafungua daftari. Yaliyokuwa yamelipa deni la maji yalikuwa 12. Mengine yalikuwa bado yanashuka uzito, na wakiyamaliza hivyo yangejikunja mezani kwa mkahawa mbele ya wateja. Walibishana, sauti zikapanda, na babu akasema kitu kimoja tu, kwamba Gikomba aliona watu wakiuza vinyago vibichi kwa watalii na vikapasuka kabla ndege itue, na kwamba ukiuza kitu kibichi umeuza jina lako. Wakapeleka 12, wakasema mengine baada ya mvua za vuli, kundi kwa kundi kadiri yanavyokauka, na wakaonyesha daftari lenyewe. Mwenye mkahawa alikubali. Nadhani ni ile kurasa ya tarehe na gramu iliyomshawishi, mtu akiona umepima hivyo anajua haudanganyi.

Sasa wanabishana tena na wameniuliza nisaidie kuamua. Baba anataka mashine ya pili, kwamba oda zinaongezeka na kijana anakua. Dada anataka chaki, si ya kuandikia, ile ya chuma yenye taya nne inayoshika bakuli bila skrubu, maana anapoteza muda kufungua na kufunga sahani ya chuma, na kila bakuli linabaki na matundu chini ambayo lazima yakerezwe yatoke. Mimi niko upande wa dada. Mashine ya pili inataka mkono wa pili na huo haujakomaa, na kwa sasa lethi moja inalala nusu ya siku ikingoja mbao kavu. Kinachowabana ni rafu. Wakiongeza rafu mbili kivulini, babu akiletewa magogo ya kutosha kabla Machi, na mama akakubali kubeba kurasa zaidi, watakuwa na mabakuli makavu ya kutosha ndio swali la mashine lirudi mezani. Mama amesema kurasa si shida, shida ni kwamba mizani ya mboga imeanza kushika unga wa mbao na wateja wa nyanya wanauliza, kwa hivyo cha kwanza kununuliwa, kabla ya chaki na kabla ya kitu kingine chochote, ni mizani ya pili.